Nauli ya Kurudi: Kusoma Riwaya za Mapenzi za Kikristo Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, msichana wa kanisa akishafikia umri wa kuolewa, hakawii kuisikia sentensi hii: "Mungu amenionyesha kwamba wewe ndiwe mke wangu." Huambiwa baada ya mazoezi ya korali, au kwenye chumba cha maombi mkesha unapomalizika, na mara nyingine ujumbe hauletwi na kijana mwenyewe bali na mama wa maombi anayesema ameona maono. Mimi nimeisikia, rafiki zangu wameisikia, na wanafunzi wangu wa sekondari wameshaanza kuisikia. Sentensi hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kusoma riwaya za mapenzi za Kikristo kwa makini ambayo walimu wenzangu wa lugha hawadhani kwamba zinastahili. Karibu kila riwaya ya aina hiyo ina mtu anayeamini kwamba Mungu amemwelekeza kwa mtu fulani, na kitabu chote kinachofuata hutuonyesha anafanya nini na imani hiyo.

Riwaya hizi hazina watetezi wengi. Waliosomea fasihi huziona nyepesi, kwa sababu msomaji hujua tangu kurasa za mwanzo nani ataoana na nani. Baadhi ya wachungaji na mapadre huziogopa, wakisema kwamba zinawafundisha wasichana kumngoja mwanamume asiyekuwapo duniani. Hoja hii ya pili naiheshimu, na nitairudia chini. Ya kwanza hainisumbui: tunajua Ijumaa Kuu inaelekea wapi, na bado kila mwaka tunakwenda kuisikiliza Injili ya Mateso kwa uchungu uleule. Mtu anayejua mwisho husoma kwa jicho lingine, kwa maana huwa na nafasi ya kutazama namna safari inavyoendeshwa.

Vitabu vyenyewe hupatikana kwa shida. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, vichache vinapatikana kwa Kifaransa, na vinavyotufikia huzunguka kama mafaili kwenye simu, kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine. Kwa kuwa nilisomea Kiingereza katika ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, nimezoea kuvisoma usiku na kuvisimulia kwa Kiswahili mchana, hasa kwa shangazi yangu anayekaa mtaa wa Bagira. Yeye ni mjane, ni muumini wa CEPAC, kanisa la Kipentekoste, na ni msikilizaji mkali kuliko wote ninaowafahamu. Mwezi Februari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji wetu na benki zikafunga milango, jirani mmoja aliniuliza kama huo ulikuwa wakati wa kusoma mambo ya mapenzi. Nilimjibu kwamba siku ambazo watu wenye nguvu wanajichukulia wanachokitaka ndizo siku za kujikumbusha jinsi mtu anayempenda mwenzake anavyopaswa kuomba.

Kitabu nilichoanza kumsimulia shangazi ni Love Comes Softly cha Janette Oke, Mkanada aliyezaliwa Alberta mwaka 1935. Kilitoka mwaka 1979 katika nyumba ya uchapishaji ya Bethany House, na mara nyingi hutajwa kuwa ndicho kilichofungua njia kwa riwaya za mapenzi za Kikristo za siku hizi. Kisa chake ni chepesi kueleza. Marty ni msichana aliyehamia na mume wake katika nyika za magharibi ya Marekani, enzi za magari ya kukokotwa na wanyama. Mume anakufa katika ajali, naye anabaki mjane mwenye mimba, hana nyumba, hana ndugu karibu. Siku ileile ya mazishi anamjia Clark Davis, mkulima aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mdogo wa kike aitwaye Missie. Clark anasema kwamba mhubiri anapita siku hiyo tu, kwamba mtoto wake anahitaji mama, na kwamba wakioana Marty atapata paa la kumsitiri.

Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akiyasukuma kwa kidole cha shahada, mazima upande mmoja na vijiwe upande mwingine. Aliposikia kwamba mwanamume ameleta habari ya ndoa siku ya mazishi, alisonya. Yeye mwenyewe alipofiwa, shemeji zake hawakungoja hata arobaini. Walikuja kuzungumzia nyumba, na pamoja na nyumba wakamzungumzia yeye, kama vile alikuwa mojawapo ya vyombo vilivyoachwa na marehemu. Kwa hiyo alikuwa tayari kumchukia Clark. Nikaendelea kusimulia: Clark anamwambia Marty kwamba atalala mahali pake na yeye mahali pake, na kwamba majira ya kuchipua yakifika, magari yatakapopita yakirudi mashariki, kama hakuridhika atamlipia nauli arudi kwao, mradi tu amchukue Missie, apate mama wa kumlea.

Kidole cha shangazi kikasimama juu ya maharage.

"Hayo ya nauli alimwambia kabla ya ndoa, ama baada?"

"Kabla, shangazi."

"Basi huyo ni mtu," akasema, akarudia kuchambua.

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu vitabu vya aina hii, lakini hakuna aliyegusa kiini chake kama yeye kwa maneno hayo machache. Clark ni mtu wa sala. Kila asubuhi mezani anafungua Biblia, anasoma, anazungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na baba aliyeketi pale pale, na Marty, ambaye hakulelewa katika dini, anashangaa kumsikia akimwombea yeye, mgeni aliyeletwa na msiba. Hata hivyo Clark hatumii sala ile kumfunga. Hamwambii kwamba Mungu ndiye aliyemwua mume wake ili wao wakutane. Hamhubirii wakati anapounguza chakula na kuwapikia chapati za maji asubuhi, mchana na jioni kwa sababu hajui kupika kitu kingine. Anakula na kushukuru. Majira ya kuchipua yanapofika, mwanamke huyo ana njia ya kuondoka na nauli iliyoahidiwa, na kubaki kwake kuna thamani kwa sababu angeweza kwenda.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulipata katika mafundisho ya ndoa niliyoyasikia tangu utoto. Mtu anayesema kwamba Mungu amemtuma kwa mwenzake hupimwa kwa kutazama ni nani anayebeba gharama ya utume huo. Clark anaibeba mwenyewe: nyumba yake, chakula chake, usingizi wake, fedha ya nauli, na hata hatari ya kumwona mtoto wake wa pekee akienda zake na mwanamke huyo. Boazi katika kitabu cha Ruthu anafanya vivyo hivyo. Anajua kwamba kuna ndugu wa karibu zaidi yake mwenye haki ya kuikomboa nyumba ya Naomi, naye hamfichi Ruthu jambo hilo. Anampimia shayiri katika shuka lake asirudi kwa mama mkwe mikono mitupu, kisha anakwenda mwenyewe langoni kwa wazee kulimaliza shauri mchana, mbele ya mashahidi.

Kitabu cha pili ni kigumu zaidi, na nilisita kabla ya kumsimulia shangazi. Francine Rivers alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka mwaka 1986, na Redeeming Love ndicho cha kwanza alichoandika kama mwamini. Kilitoka mwaka 1991, kikachapwa upya mwaka 1997, na mwaka 2022 kikafanywa filamu ambayo vijana wengi wa hapa wameiona kwenye simu bila kujua kwamba kuna kitabu. Ni kisa cha nabii Hosea na Gomeri, mkewe asiye mwaminifu, kilichohamishiwa California mwaka 1850, wakati watu walipokimbilia dhahabu. Sarah anauzwa akiwa na umri wa miaka 8, anakulia katika mikono ya mtu anayemtumia na kumfanyisha biashara ya mwili, na akiwa mtu mzima anaitwa Angel katika danguro la mji wa wachimba dhahabu. Michael Hosea, mkulima, anamwona njiani na kusikia ndani yake sauti ya Mungu ikimwambia kwamba huyo ndiye.

Kusoma kisa hicho Bukavu si sawa na kukisoma mahali pengine. Huu ni mji wa hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambako Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji na yeye mwenyewe mchungaji, amewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa, hadi akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Sisi tunawajua wanawake ambao waume zao waliwafukuza baada ya kufanyiwa ukatili, kana kwamba wao ndio waliokosa. Tunawajua pia wanaume wachache waliobaki, ambao hakuna anayewaandikia riwaya. Kwa hiyo habari ya mwanamume anayekwenda kumrudisha mke aliyechafuliwa na wengine si hekaya tamu kwetu. Shangazi alipoisikia alitaka kwanza nimsomee Hosea sura ya 3, mahali nabii anapomnunua tena mkewe kwa vipande 15 vya fedha na shayiri. "Kumbe alimtolea mahari mara mbili," akasema. Katika ukoo wetu wa kabila la Washi, ambako ng'ombe huhesabiwa na kukumbukwa hadi kizazi cha tatu, hakuna kijana anayekubali kulipa mara mbili, na waliomcheka Hosea zamani hizo bila shaka walikuwa wengi.

Lakini kuna ukurasa mmoja katika kitabu hicho ambao siukubali, na nadhani ni vema kusema hivyo waziwazi, kwa sababu watu wengi wanaokipenda huuruka. Michael anamwoa Angel akiwa amepigwa karibu ya kufa, amelala, akili zimemtoka, na jibu lake anapoulizwa ni la mtu ambaye hajali tena kitakachompata. Je, hiyo ni ndiyo? Kanuni ya 1057 ya sheria ya Kanisa Katoliki inasema kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kutoa ridhaa hiyo badala yao. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, pamoja na kuitambua mahari, nayo inadai kila mmoja akubali yeye mwenyewe. Hata kama Michael alisikia vizuri, sauti aliyoisikia yeye haikuwa imemjibia Angel.

Naamini mwandishi mwenyewe aliuona ugumu huo, kwa kuwa kitabu chake kizima kinafanya kazi ya kulirudia lile swali ambalo halikujibiwa vizuri mara ya kwanza. Angel anakimbia. Michael anamfuata na kumrudisha. Anakimbia tena. Halafu mara ya mwisho, anapoondoka akiamini kwamba mumewe angefaa kuwa na mwanamke mwingine, Michael hamfuati. Anataka kwenda, miguu inamwasha, na ile sauti iliyomtuma mwanzoni sasa inamzuia. Anabaki kulima na kungoja, miaka inapita, wakati Angel yuko San Francisco akijifunza kuomba kwa kinywa chake mwenyewe na kuwasaidia wasichana waliotoka katika maisha aliyoyatoka yeye. Anaporudi, anarudi kwa miguu yake, na anamwambia jina lake la kweli. Sura hizo za mwisho nimezisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Ndoa yao kwangu inaanzia pale, na yote yaliyotangulia nayasoma kama uchumba mrefu wenye maumivu.

Sasa nirudi kwenye vyumba vyetu vya maombi. Sisemi kwamba Mungu hasemi na watu kuhusu ndoa. Mimi Mkatoliki wa mtaa wa Kadutu, niliyelelewa katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, ambalo kila wiki hukutana kwenye nyumba ya mmoja wetu kusoma Neno na kuulizana habari za wagonjwa, ninaamini kwamba Mungu huingia katika mambo madogo ya watu. Ninachokiona ni kwamba sentensi ile, inavyotumika hapa, huweka gharama yote upande wa msichana. Akikataa, hajamkataa kijana, amemkataa Mungu. Ataombewa afunguliwe roho ya ukaidi. Akifikisha miaka 30 bila kuolewa, watakumbuka siku aliyokataa. Kijana aliyeleta maono hapotezi kitu. Akikataliwa, anaweza kuonyeshwa mwingine mwezi ujao. Rafiki yangu mmoja aliletewa ujumbe kama huo na mtu aliyeheshimika katika korali yao. Alimwuliza kwa upole, "Nikisema hapana, tutaendelea kusalimiana?" Mtu yule alichukia, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Maono yalikuwa yamejibiwa, na jibu lilikuwa wazi zaidi kuliko lile ambalo kamati nzima ya maombi ingeweza kumpa.

Ndiyo maana wasichana wa korali yetu wanaponiomba niwasimulie riwaya hizi, sizikatai kama baadhi ya viongozi wanavyotaka. Ninaona kwamba zinawapa kipimo. Msichana aliyemsikiliza Clark akitaja nauli kabla ya kutaja sherehe hawezi kudanganywa kwa urahisi na mtu anayetaja mbingu pekee.

Hata hivyo niliahidi kuirudia hoja ya wachungaji, na katika sehemu moja wako sahihi. Vitabu hivi, hata vile vizuri, humlipa kila mwenye subira. Mjane hupata mume, aliyeumizwa hupona, aliyeombwa kungoja hungoja na akapewa. Katika Redeeming Love, Angel aliharibiwa mwili akiwa msichana asiweze kuzaa, na mwisho wa kitabu Mungu anamjalia watoto. Najua kwamba Sara wa Abrahamu alizaa, na Hana alizaa, na sitaki kumpunguzia Mungu uwezo wake. Lakini ninawafikiria wanawake wa mji huu ambao madaktari waliokoa uhai wao na hawakuweza kuokoa tumbo, ambao wanaomba kila siku na hawazai, na imani yao ni imani kamili. Ningependa mwandishi angemwacha Angel apendwe bila mtoto, kurasa mbili tu, ili wanawake hao nao wajikute ndani ya kitabu. Shangazi yangu naye hajaolewa tena, na hatafuti. Alipigania nyumba yake, akaipata, na anaishi humo na wajukuu. Kwa kanuni za riwaya hizi kisa chake bado hakijaisha, ilhali mimi sijaona maisha yaliyokamilika mbele ya Mungu kuliko yake.

Jambo hilo limebadilisha namna ninavyoomba. Zamani nilipoomba kuhusu ndoa, sala yangu ilikuwa na tarehe ndani yake, na kila mwaka uliopita niliuhesabu kama jibu lililochelewa. Nilikuwa nimemfanya Mungu mshenga. Siku hizi ninamwomba aniponye na tamaa ya kumtumia yeye kama hoja dhidi ya mtu mwingine, na kwamba akinituma kwa yeyote, awe mume, mwanafunzi au jirani, aniwezeshe kumwachia mlango wazi.

Jumapili moja alasiri nilimsomea shangazi kisa ambacho hakimo katika Biblia yake ya Kiprotestanti, lakini kimo katika yangu: sura ya 8 ya kitabu cha Tobiti. Alisema atakisikiliza kama hadithi, na mengine ataamua mwenyewe. Sara amekwisha kuolewa na wanaume saba, na wote saba wamekufa usiku wa arusi. Tobia anakuwa wa nane. Wanapoachwa peke yao chumbani, Tobia anainuka kitandani, anamwita dada, anamwomba naye ainuke, wasali kwanza. Anamwambia Mungu kwamba hamchukui Sara kwa tamaa. Wakati huohuo Ragueli, baba wa msichana, yuko nje gizani na watumishi, anachimba kaburi la mkwe wake ili amzike kabla majirani hawajaamka. Anamtuma mjakazi na taa akaangalie, naye anawakuta wote wawili wamelala usingizi. Ragueli anaamuru kaburi lifukiwe kabla hakujapambazuka.

Shangazi alilipenda sana kaburi lile. Alisema kwamba wazazi wengi wa hapa wanamchimbia mkwe shimo wakiwa wanacheka naye mezani, na huyu angalau alilifukia. Kisha akanyamaza, akaniuliza kama sala ile ilikuwa ya Tobia peke yake, au kama msichana naye alisema Amina.

Nikarudi kwenye mstari wa 8 na kumsomea tena. Walisema wote wawili.